Mhariri, kliniki wanatupima kila kitu ila hawatuulizi tunakaaje

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Najua itakuwa ndefu ila naomba usiikate sana, maana hili jambo kila nikilishika nalikuta lina jingine nyuma yake.

Mi ni fundi cherehani hapa Tanga, zaidi ya miaka ishirini sasa, na kazi yangu kubwa ni nguo za akina mama, madera, magauni ya kitenge, sare za harusi. Wateja wangu wengi nimeanza kuwashonea hawajaolewa mpaka leo wana watoto watatu wanne, kwahiyo miili yao naijua kwa tepu. Mama akija na mimba ya miezi saba na gauni lake la zamani, utaona upindo wa mbele umepanda juu, wa nyuma umeshuka, watu wanadhani ni tumbo tu limevuta kitambaa. Tumbo lipo ndio, ila nusu ya hapo ni mgongo. Tumbo linamvuta mbele, yeye anajirudisha nyuma asianguke, kiuno kinaingia ndani, magoti anayakaza, shingo inatoka mbele kama mtu anachungulia dirishani. Mi nikimpima toka shingoni mpaka kisigino nyuma alafu nikampima na mbele, tofauti naiona kwenye tepu kabisa. Na akishajifungua anarudi, "fundi nifichie tumbo", bega moja limeshuka kwa kumbeba mtoto kiuno kile kile kila siku, inabidi nimwekee pedi ya bega upande mmoja nguo ikae sawa. Nikimuuliza mgongo vipi wote jibu lao ni moja, "aah fundi, si ndo uzazi huo".

Hapo ndo pananiuma, kwasababu na mi niliamini hivyo hivyo miaka mingi, na sio kweli, au tuseme sio lazima.

Nimezaa mara tatu na zote nilihudhuria kliniki. Nawashukuru manesi wetu kwa moyo wote, wanapima presha, wingi wa damu, mkojo, uzito, wanapima kimo cha mimba, wanasikiliza mapigo ya mtoto, wanatoa vidonge vya kuongeza damu, na vyote hivyo vinaokoa maisha, sitaki mtu asome barua hii aseme nadharau kliniki. Ila katika mimba zote tatu hakuna hata siku moja niliyoulizwa mama unalalaje, kazini unakaaje, kitandani unanyanyukaje, ukipiga chafya mkojo unatoka au hautoki. Hakuna. Na hivyo ni vitu ambavyo kuuliza hakuhitaji mashine wala dawa wala bajeti.

Mtoto wa kwanza nimempata 2003. Mimba ilinikuta nina kazi ya sare za shule, cherehani ya miguu, naingia saa moja asubuhi natoka usiku, nimejikunja tumbo limebanwa na meza, mguu mmoja ndo unakanyaga siku nzima. Mgongo uliuma mpaka nikawa nashuka kitandani kwa kutambaa. Na nilikuwa nalala chali, maana shangazi yangu mmoja alinambia ukilala ubavu mtoto anakaa vibaya. Siku ya uchungu nikafika hospitali, siitaji na haina haja, nikapewa kitanda nikaambiwa lala chali usinyanyuke mpaka nikuambie. Nililala hivyo usiku mzima natazama dari. Nilikuwa nasikia kizunguzungu, jasho la baridi, moyo unakimbia, nikijaribu kugeuka naambiwa tulia mama unamsumbua mtoto. Wakati wa kusukuma nikawa nasukuma kama mtu anayepandisha gari mlimani. Nikaongezwa njia, yaani nikachanwa kidogo chini mtoto apite, nikashonwa, mtoto salama, alhamdulillah. Ila baada ya hapo miaka na miaka nikicheka mkojo, nikipiga chafya mkojo, nikinyanyua ndoo ndo usiseme. Nilikuwa navaa kanga mbili ndani ya gauni, nikaacha kwenda kwenye shughuli za watu, mume wangu akadhani nimebadilika tabia. Sikumwambia mtu yeyote, hata mama yangu mzazi.

Kile kizunguzungu nimekuja kukielewa baadae sana. Kuna mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo unapita nyuma ya mfuko wa uzazi, karibu na uti wa mgongo, sasa mimba ikiwa kubwa ukalala chali uzito wote unaukandamiza ule mshipa, damu inarudi kidogo kwenye moyo, presha inashuka, na mtoto naye anapata damu pungufu. Ndo maana siku hizi wataalamu wanasema kuanzia wiki ya 28 mama alale ubavu, wa kushoto au wa kulia sawa, maana tafiti zimeona kulala chali miezi ya mwisho kunaendana na hatari zaidi ya mtoto kufia tumboni. Ukizinduka usiku ukajikuta uko chali usishtuke, geuka tu uendelee kulala. Haya mambo nayajua leo nina miaka arobaini na kitu. Ilitakiwa niyajue nikiwa na kadi mkononi kwenye benchi la kliniki.

Mimba ya pili, 2008, nilienda kumalizia kwa bibi yangu Pangani. Bibi alikuwa somo, yaani mwalimu wa unyago, amewaweka ndani wari wengi sana, na kitu cha kwanza aliniangalia navyotembea akasema wewe unabebwa na tumbo, badala ya wewe kulibeba. Akaninyang'anya kiti. Kila siku jioni nikune nazi, nazi ya nyumba nzima na ya jirani. Sasa kwa wasiojua pwani, kibao cha mbuzi kinakaa chini sana, unakikalia magoti yameachana, nyayo zote mbili chini, na huwezi kukuna ukiwa umejikunja mgongo, lazima uiname kutokea kwenye nyonga huku mgongo umenyooka, la sivyo nazi inaruka na vidole unavikata. Mi nikaona bibi ananitumikisha. Baada ya wiki mbili maumivu ya kiuno yakapungua kabisa. Na deki napiga kwa mikono na magoti, tumbo linaning'inia, na hapo ndo nilikuwa nasikia raha kuliko mahali popote, mgongo unapumua.

Uchungu ulipoanza hakunilaza. Alinishikisha nguzo ya kibaraza akasema zungusha kiuno taratibu, usiubane mdomo, meno yasikutane, mabega yateremshe. Nikaona aibu kidogo maana kuna watoto uani. Akanambia maneno ambayo mpaka nakufa sitayasahau, "Kiuno ulichofundishwa mkoleni, kule unyagoni, ulidhani ni cha mume peke yake? Kilikuwa cha siku hii." Nikazungusha. Uchungu ukija naegemea nguzo naachia pumzi ndefu, ukipita natembea. Ilipofika magharibi tukaenda kituo cha afya, na bibi mwenyewe ndo aliyesisitiza twende, hakuwa mtu wa kusema nitazalisha mimi hapa, alishaona mwanamke anavuja damu akafa mbele yake akiwa kijana. Na bahati yangu nikakuta mkunga mtu mzima, akaniacha nitembee koridoni nishike dirisha, na mwisho akatandika godoro chini nikapiga magoti mikono juu ya kitanda. Alfajiri mtoto katoka. Sikuongezwa njia. Sasa sisemi magoti ni uganga, najua mtoto wa pili mara nyingi anakuja rahisi kuliko wa kwanza, lakini mwili wangu mwenyewe nilikuwa nao mara zote mbili na naijua tofauti ya kusukuma ukiwa chali miguu juu na kusukuma ukiwa umepiga magoti dunia inakusaidia kuvuta chini. Ule mfupa wa chini ya mgongo ukilala chali umeukalia, hausogei, ukipiga magoti au ukichuchumaa au ukilala ubavu una nafasi ya kurudi nyuma kidogo njia ikapanuka.

Yule binti niliyempata 2003 leo yuko chuo cha uuguzi. Ndo aliyenikalisha chini akanionyesha kwenye simu kwamba bibi hakuwa anabahatisha. Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2018 walitoa mwongozo wa huduma wakati wa uchungu na kujifungua, mapendekezo 56, na humo wamesema waziwazi mama asiye na matatizo atiwe moyo kutembea na kukaa wima wakati wa uchungu, achague mwenyewe mkao wa kujifungulia, na awe na mtu wake wa karibu anayemtaka mwenyewe. 2020 wakatoa fomu mpya ya kufuatilia uchungu, na ndani yake kuna mstari mzima wa mkao wa mama, kwamba yuko chali au anatembea, na akiwa chali inahesabika kama kitu cha kukiangalia na kukirekebisha. Nilipoona hiyo fomu nililia Mhariri, sioni aibu kusema. Na kuna uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti 25, ukaona wanaokaa wima na kutembea hatua ya kwanza ya uchungu, ile ya kabla ya kusukuma, inapungua kwa karibu saa moja na dakika 20, na operesheni zinapungua pia. Niseme na upande wa pili maana sitaki kumdanganya mtu, wakati wa kusukuma wanaokaa wima wanaongezwa njia mara chache zaidi, ila inaonekana damu inaweza kuwatoka zaidi kidogo, ndo maana hii habari sio ya kufanyia nyumbani, ni ya kufanyia kituoni mkunga akiwepo na sindano ya kuzuia damu iko tayari. Na mama mwenye presha ya mimba au anayetokwa damu au aliyefanyiwa operesheni kabla, huyo asikilize wataalamu wake kwanza.

Hivi huu utaratibu wa kulala chali ulitoka wapi? Binti yangu anasema waliosoma historia wanamtaja sana daktari wa Ufaransa wa karne ya 17, François Mauriceau, yeye alisisitiza mama ajifungulie kitandani badala ya kwenye kiti cha uzazi, na tabia ikaenea Ulaya ikaja mpaka huku na vitanda vyake. Ni rahisi kwa anayepokea mtoto, anaona vizuri. Huku kwetu Tanzania kwa takwimu za 2022 akina mama 81 katika kila 100 wanajifungulia kwenye vituo vya afya, na hilo ni jambo la kushangilia, vifo vimepungua. Ila tulivyohamia hospitali tuliacha nyumbani na vile ambavyo havikuwa na kosa. Kibao cha mbuzi hakikuua mtu jamani.

Mtoto wa tatu, 2014, nikarudi kwenye ujinga wangu wa cherehani, mgongo ukashika mpaka nikashindwa kumwinua mtoto. Nikapelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba, kijana mdogo tu, akanambia kaa kama unavyokaa kazini. Nikakaa. Akanambia sasa kanyaga cherehani. Nikakanyaga hewani. Akaniuliza, "Mama, hapo kabla mguu haujasogea, shingo umeifanya nini?" Sikuwa na jibu. Akanirudisha mara tano sita mpaka nikaona mwenyewe, kabla sijakanyaga nabana shingo, napandisha mabega, nazuia pumzi, alafu ndo nakanyaga. Yaani kazi ya mguu naifanya kwa shingo. Akanisimulia habari za mzee mmoja wa Australia, F. M. Alexander, aliyezaliwa 1869, alikuwa mwigizaji anakariri Shakespeare jukwaani, sauti ikawa inamkauka na madaktari hawaoni ugonjwa, akajipangia vioo akajiangalia anavyoongea, akagundua anarudisha kichwa nyuma na kubana shingo kabla hata hajafungua mdomo. Akajifunza kusimama kidogo kabla ya kitendo, kuiachia shingo, ndo afanye. Njia yake inafundishwa mpaka leo, na Uingereza kuna wanaowafundisha wajawazito wasijibane uchungu ukija.

Mi nina kioo kikubwa dukani cha wateja kujaribia nguo. Siku hiyo nimerudi nikakigeuza kikatazama cherehani. Mwezi mzima nilishona najitazama. Aisee inachosha mwanzoni, unajikuta umebana taya kwa kutunga uzi tu kwenye sindano, ila taratibu mwili unajifunza kuuliza wenyewe, na maumivu yangu yaliondoka bila kidonge. Sasa fikiria mama aliyezoea miezi tisa kujisikia hivyo, pale uchungu unapomshika anajua mabega yamepanda, anayashusha, mikono anaifumbua, taya analiachia, na kwakweli huwezi kubana taya na ngumi alafu ukategemea chini kuachie.

Na ule mkojo wangu wa miaka yote hiyo, kumbe kuna misuli chini ya nyonga inayoshika kibofu na mfuko wa uzazi kama chandarua, ikilegea mambo yanavuja. Daktari wa Marekani anaitwa Arnold Kegel aliandika mwaka 1948 kwamba inafanyiwa mazoezi kama misuli mingine. Unabana kama mtu anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, huku tumbo na makalio umeyaachia na unapumua, unahesabu mpaka tano au zaidi ukiweza, unaachia kabisa, unarudia mara kumi, mara tatu kwa siku. Kuachia ni nusu ya zoezi, wengi wanabana tu. Na usiwe unafanyia chooni kila ukikojoa, hapana, fanya umekaa unamenya viazi. Kijana yule alinipa hilo zoezi miaka kumi na moja imeshapita toka nianze kuteseka, na ndani ya miezi mitatu nilipiga chafya kwenye daladala nikabaki nimeduwaa kwa furaha. Ila mama ambaye mkojo au haja kubwa inamtoka mfululizo hata akiwa ametulia, hasa aliyekaa na uchungu siku nyingi, hiyo sio misuli, hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu linalobaki ndani likapitisha mkojo au haja, inatibika, hospitali ya CCBRT pale Dar es Salaam wanatibu bila malipo, asijifiche ndani kama nilivyojificha mimi.

Kuna hili la arobaini pia. Wazee wetu walijua mwili wa mzazi umefunguka, ndo maana kuna mkaja. Mpaka leo kwenye mahari pwani tunatoa mkaja wa mama, vijana wanalipa hela tu hawajui ni nini, mkaja ni ile nguo mama alijifunga tumboni alipomzaa bibi harusi. Misuli ya tumbo inaachana katikati kwenye mimba, inahitaji kushikiliwa na muda wa kurudi. Lakini mkaja unashikilia, haukabi, ukijifunga mpaka pumzi haiingii unasukuma kila kitu chini kwenye ile misuli ambayo tayari imechoka. Na maji ya moto ya kukandia jamani yasiwe ya kuunguza, nimeona mwenyewe mzazi ana malengelenge. Kunyanyuka kitandani usijikunje kama unakaa ghafla, geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Kunyonyesha mlete mtoto kwenye titi, weka mto au kanga iliyokunjwa chini yake, tumbo lake na lako zigusane, usiinamie wewe mpaka yeye, maana ananyonya mara nane kumi kwa siku na kila mara umepinda.

Ninachoomba kwa wahusika ni kidogo. Zile asubuhi kliniki tunapokaa kwenye benchi tunasubiri tupewe somo la lishe, dakika kumi ziwe za haya, tusimame, tulale ubavu pale pale kwenye mkeka, tuonyeshwe. Akina bibi na akina somo waalikwe, wanajua kiuno kuliko kitabu. Leba kuwe na mkeka na godoro la chini hata moja, na msindikizaji aruhusiwe pale nafasi inaporuhusu. Najua manesi wanazidiwa, mmoja ana wazazi watano kwa wakati mmoja, na kuinama chini kumpokea mtoto mkunga naye ana mgongo, nalielewa hilo vizuri mi fundi, basi hata kulala ubavu badala ya chali kunawezekana kitandani hapo hapo bila nesi kuinama. Na mama akirudi baada ya wiki sita aulizwe mkojo, kwa sauti ndogo, mlango umefungwa.

Wiki iliyopita kaja mteja wangu, mimba ya kwanza, miezi minane, anataka dera la kutokea hospitali. Nikamwonyesha kwenye kioo magoti yake alivyoyakaza, akayaachia, akacheka, akasema fundi kumbe nilikuwa nimejikaza hivi. Nikamweleza na habari za kupiga magoti. Akaniuliza, je nesi akikataa? Nikamwambia usisubiri siku ya uchungu, uliza kabla. Ana kliniki Jumatano, amesema atauliza.

Fundi cherehani, mama wa watatu,
Tanga